Kuanza Upya Si Kuendelea: Istilahi za Elimu ya Foleni katika Kazi za Kompyuta

Utangulizi

Mfasiri wa maandishi ya kitaalamu hukutana na maneno ya namna mbili. Yako yale magumu, ambayo humlazimisha asimame, apekue kamusi na awaendee wenye fani yao kuwauliza. Yako pia yale mepesi, ambayo humpita mbele ya macho kwa kuwa anadhani anayajua. Mara nyingi madhara makubwa hutokana na haya ya pili.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuombwa na ofisi moja afasiri kijitabu cha maelekezo ya mtambo wa kuandalia mishahara. Ilikuwamo sentensi fupi iliyoeleza lifanywe nini endapo umeme utazimika kazi ingali mtamboni. Mfasiri aliandika: "Kazi ikikatika, ianzwe tena." Hakuona tatizo lolote. Baadaye umeme ulizimika mara mbili katika usiku mmoja. Mwendeshaji wa mtambo alikisoma kijitabu, akatii: akaianza kazi kutoka jina la kwanza la orodha, kisha akaianza tena kutoka jina lile lile. Kumbe mtambo ulikuwa umekwisha hifadhi sehemu kubwa ya hesabu, na maandishi ya asili yalitaka kazi ichukuliwe pale ilipoachiwa. Mishahara ilichelewa siku mbili. Mwendeshaji hakuwa na kosa, wala mtambo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la neno moja, na neno lenyewe lilikuwa la mfasiri.

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha ya kawaida na kwa hesabu chache, elimu inayochunguza mambo hayo, yaani elimu ya foleni. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti baina ya kuanza upya na kuendelea si ya mtindo wa lugha tu. Ni tofauti inayoweza kuamua kama kazi itamalizika au haitamalizika kabisa. Mwishoni tutapendekeza istilahi chache ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazipime.

Neno foleni na elimu yake

Neno foleni limekwisha kaa katika Kiswahili hata wengi hawalioni kuwa geni. Wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na amri ya Kiingereza waliyopewa askari ili wajipange. Kutoka katika uwanja wa gwaride neno hilo liliingia dukani, zahanati, benki na barabarani. Mkazi wa Dar es Salaam akisema amecheleweshwa na foleni, hana haja ya kueleza kuwa ni foleni ya magari.

Yako maneno mengine yaliyo karibu nalo, kama vile safu, mstari, msururu na mlolongo. Safu na mstari huonyesha umbo la vitu vilivyopangwa. Viti vinaweza kuwa katika safu bila ya kungoja chochote. Msururu huonyesha wingi wa vitu vinavyofuatana. Ama neno mlolongo, katika Kenya lina kumbukumbu yake ya pekee, kwani mwaka 1988 wapiga kura katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU walitakiwa wajipange hadharani nyuma ya mgombea waliyemtaka, na utaratibu huo ukaitwa kwa jina hilo. Foleni ndilo neno linalobeba maana inayotakiwa hapa: watu au vitu vinavyongoja kuhudumiwa kwa utaratibu fulani. Ndani ya kompyuta, au tarakilishi kama isemwavyo katika shule za Kenya, hakuna asimamaye nyuma ya mwenziwe. Iliyopo ni orodha ya kazi zinazongoja, na hiyo nayo ni foleni.

Elimu ya foleni ilianza katika simu kabla ya kuwako kompyuta. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyezaliwa mwaka 1878, aliajiriwa na Kampuni ya Simu ya Copenhagen mwaka 1908. Swali alilokabili lilikuwa la gharama. Nyaya zikiwa chache, wapigaji wengi watakosa nafasi; zikiwa nyingi mno, fedha zitapotea kwa nyaya zisizotumika. Mwaka 1909 alichapisha maandishi yake ya kwanza juu ya jambo hilo, na mwaka 1917 akatoa kanuni ambazo wahandisi wa simu wanazitumia hata leo. Alifariki mwaka 1929. Mwaka 1946 kipimo cha mzigo wa simu kilipewa jina lake, kikaitwa erlang.

Njia ya Erlang ilikuwa ni kutengeneza kielelezo. Kielelezo ni sura ya kihesabu ya jambo halisi, iliyoachiwa mambo machache yaliyo ya msingi na kuondolewa mengine yote. Tumechagua neno kielelezo, wala si mfano, kwa sababu neno mfano limekwisha lemewa na kazi nyingine. Mwalimu asemaye "mfano wa mfano" atakuwa amewachanganya wanafunzi wake. Kielelezo cha foleni kina mambo manne: wateja wanaofika, mhudumu anayewahudumia, kanuni ya kuamua nani atangulie, na muda ambao kila mmoja huchukua kwa mhudumu. Mteja anaweza kuwa mgonjwa, simu, lori au kazi ya kompyuta. Mhudumu anaweza kuwa daktari, waya, mzani wa barabarani au kompyuta yenyewe. Hesabu haibadiliki kwa kubadilika kwa majina.

Jambo moja zaidi hapana budi lielezwe. Wateja hawafiki kwa kufuata saa. Pengine hupita nusu saa bila ya mtu, kisha wakaja watano kwa pamoja. Hali hiyo huitwa nasibu. Foleni nyingi hazitokani na uchache wa mhudumu peke yake, bali hutokana na nasibu: mhudumu aliyekaa bure asubuhi hawezi kuuweka akiba muda huo ili autumie jioni watu wanapomjalia.

Kungoja, kuhudumiwa na kuitikiwa

Hapa mfasiri hukutana na mtego wa kwanza. Katika maandishi ya fani hii ziko nyakati tatu, na zote tatu huitwa "muda" tu na asiye mwangalifu. Muda wa kungoja ni ule anaoutumia mteja kabla ya kufikiwa. Muda wa huduma ni ule anaokuwa mbele ya mhudumu. Muda wa mwitikio ni jumla ya nyakati hizo mbili, yaani tangu mteja alipotoa haja yake hata alipopata alichokitaka. Tumependelea mwitikio kuliko jibu, kwa kuwa jibu hufuata swali, na kazi nyingi za kompyuta si maswali. Mwitikio hufuata wito. Mtoto aitwaye na mamaye huku yuko mbali akicheza huitika atakapousikia wito, na mama huhesabu muda wote aliongoja, si ule wa kutamka "labeka" tu.

Tofauti hiyo ina uzito. Tuseme mkataba wa kununua mtambo umeahidi muda wa mwitikio wa sekunde 2, na mfasiri akaandika muda wa huduma wa sekunde 2. Kielelezo kilicho rahisi kuliko vyote, chenye mhudumu mmoja, wateja wanaofika kwa nasibu na muda wa huduma ulio wa nasibu pia, hutuonyesha matokeo yake. Tuuite mzigo ile sehemu ya muda ambayo mhudumu ana kazi. Ikiwa wastani wa muda wa huduma ni sekunde 2, wastani wa muda wa mwitikio utakuwa hivi:

mzigo wa asilimia 50: sekunde 4;
mzigo wa asilimia 80: sekunde 10;
mzigo wa asilimia 90: sekunde 20;
mzigo wa asilimia 95: sekunde 40.

Muuzaji atasema mtambo wake hutoa huduma kwa sekunde 2, na atakuwa amesema kweli kwa mujibu wa maneno yaliyo katika mkataba. Mwananchi aliye dirishani atangoja sekunde 40. Msomaji aangalie pia jinsi kuchelewa kunavyokua. Kutoka asilimia 50 hadi 80 muda uliongezeka kwa sekunde 6; kutoka asilimia 90 hadi 95, hatua ndogo sana, uliongezeka kwa sekunde 20. Mkuu wa ofisi anayejivuna kwamba mtambo wake haupumziki hata dakika moja hajui kwamba kujivuna kwake ndiko kunakowapanga watu nje.

Kanuni nyingine inayofaa kujulikana na kila mtumishi ni ile iliyothibitishwa na John Little wa Marekani mwaka 1961. Kanuni hiyo husema kuwa wastani wa idadi ya waliomo katika foleni na katika huduma ni sawa na kasi ya kuwasili ikizidishwa kwa wastani wa muda ambao kila mmoja hukaa. Zahanati ikipokea wagonjwa 12 kwa saa, na kila mmoja akakaa nusu saa tangu kuingia hadi kutoka, basi kwa wastani wagonjwa 6 watakuwamo. Kanuni hii hufaa hata pale ambapo hatujui lolote juu ya nasibu ya wateja, mradi hali ya mahali hapo iwe imetulia. Anayejua mambo mawili kati ya matatu hulijua la tatu.

Zamu

Katika kompyuta za zamani kazi zilipangwa moja baada ya moja, na kazi fupi iliyokuwa nyuma ya kazi ndefu iliteseka. Mwezi wa Novemba mwaka 1961, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mtambo uliojulikana kwa kifupi CTSS, ambao uliweza kutumiwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Kila kazi ilipewa kipande kidogo cha muda, kisha ikawekwa kando ili nyingine ipate nafasi. Kiswahili kina neno lililo tayari kwa jambo hilo: zamu. Tusilitafutie jingine.

Mwaka 1965 Allan Scherr, mwanafunzi wa chuo hicho, aliandika tasnifu iliyoupima mtambo huo kwa kielelezo cha foleni. Kielelezo chake kilikuwa rahisi kwa kadiri ya kushangaza: watumiaji wenye idadi maalumu, kila mmoja akifikiri kwa muda, akituma haja yake, akingoja, kisha akifikiri tena. Hata hivyo makadirio yake yalikuja karibu sana na vipimo halisi.

Tunaweza kufuata njia hiyo kwa hesabu yetu wenyewe. Tuseme kila mtumiaji hufikiri kwa sekunde 24, na kila haja huchukua sekunde 1 ya mtambo. Watumiaji 25 wanatosha kuujaza mtambo. Baada ya kuvuka idadi hiyo kwa mbali, kila anayeongezwa humwongezea kila mwenzake sekunde 1 ya kungoja; wakiwa 40, mwitikio utachukua kiasi cha sekunde 16. Zamu huwagawia watu muda uliopo kwa haki. Haiwezi kuwazalishia muda usiokuwapo.

Kazi inapokatika

Hadi hapa tumechukulia kwamba kila kazi ikishaanza kuhudumiwa haipatwi na dosari. Katika maisha umeme huzimika, mashine huharibika, na kazi yenye cheo huipokonya nafasi kazi nyonge. Swali ni hili: kazi iliyokatika ikirudi kwa mhudumu, itachukuliwa kutoka wapi?

Tumwangalie karani anayehesabu noti. Amefika noti ya 870, simu ikalia, hesabu ikampotea. Hana njia ila kurudi noti ya kwanza. Karani wa pili hufunga bunda kila afikapo noti 100. Simu ikilia naye, mabunda 8 yapo mezani salama. Atakayoipoteza ni hesabu ya noti 70 tu. Wa tatu ameandika kila noti katika karatasi. Huyo hapotezi kitu, ila kuandika kwenyewe kunamchosha na kumchelewesha. Katika mfano huu mdogo mna elimu yote ya kukatika kwa kazi.

Karani wa kwanza ameanza upya. Wa tatu ameendelea. Wa pili amefanya yote mawili: ameendelea kwa upande wa mabunda na kuanza upya kwa upande wa bunda lililokuwa mkononi. Lakini tukisema kila mmoja wao "alianza tena", tumewaweka wote katika kapu moja. Kiswahili chetu kinaruhusu hivyo. Tunaposema "mchezo ulianza tena baada ya mapumziko", hakuna anayedhani kuwa mabao yamefutwa. Tuna maana ya kuendelea. Tunaposema "mtoto alikosea shairi akaanza tena", tuna maana kwamba alirudi ubeti wa kwanza. Neno ni moja na maana ni mbili zinazopingana. Katika mazungumzo muktadha hutuokoa. Katika maelekezo ya mtambo, usomaji wa usiku wa manane hauna muktadha.

Hesabu itatuonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Tuseme hitilafu hutokea kwa nasibu, kwa wastani mara moja katika kila saa 4, na kwamba mtambo hutengenezwa papo hapo. Kazi ikilazimika kuanza upya kila inapokatika, wastani wa muda wa kuimaliza utakuwa hivi:

kazi ya muda wa saa 1: saa 1.14;
kazi ya muda wa saa 2: saa 2.6;
kazi ya muda wa saa 4: saa 6.9;
kazi ya muda wa saa 8: saa 25.6;
kazi ya muda wa saa 12: saa 76.3.

Kazi ikiendelea pale ilipokatikia, ile ya saa 8 itachukua saa 8. Ikianza upya itachukua zaidi ya siku nzima. Sababu yake haifichiki: ili kazi ya saa 8 imalizike, lazima zipatikane saa 8 mfululizo bila ya hitilafu, na kipindi kama hicho ni adimu katika mtambo unaoharibika kila baada ya saa 4. Kila jaribio lililoshindwa limekwisha kula muda, na muda huo haurudi.

Sasa tuirudishe kazi hiyo katika foleni. Tuseme kila siku huletwa kazi moja ya namna hiyo. Kwa kuendelea, mzigo wa mtambo ni theluthi moja ya siku, na nafasi ipo tele. Kwa kuanza upya, kila kazi huhitaji saa 25.6 na siku ina saa 24. Mzigo umepita asilimia 100. Foleni haitakuwa ndefu tu. Itakua siku hata siku bila ya kikomo, na kazi za nyuma hazitafikiwa. Mtambo ni ule ule, kazi ni ile ile, hitilafu ni zile zile. Kilichobadilika ni kitenzi kimoja katika kijitabu cha maelekezo.

Dawa ni bunda la yule karani wa pili. Mtambo huhifadhi hali ya kazi kila baada ya muda fulani, ili ikikatika irudi hapo na si mwanzo. Mahali hapo pa kurudi wafasiri wengine wamepaita "kituo cha ukaguzi", kwa kufuata neno la Kiingereza linalotumiwa pia kwa vizuizi vya barabarani. Jina hilo halifai, kwa kuwa hakuna kinachokaguliwa wala anayesimamishwa. Sisi twapendekeza alama ya kurejea.

Lakini kuhifadhi nako kuna gharama. Alama zikiwa chache, kila hitilafu itapoteza kazi nyingi. Zikiwa nyingi mno, muda utaliwa na kuhifadhi. Mwaka 1974 John Young alichapisha kanuni fupi ya kukadiria kipindi kinachofaa: chukua muda wa kuhifadhi mara moja, uzidishe kwa wastani wa muda baina ya hitilafu, uzidishe tena kwa 2, kisha utafute kipeo cha pili cha jibu. Ikiwa kuhifadhi huchukua dakika 3 na hitilafu huja kila baada ya dakika 240, zao ni 1,440, na kipeo chake cha pili ni karibu 38. Basi na ihifadhiwe kila baada ya dakika 38 hivi. Kwa kufanya hivyo, ile kazi ya saa 8 itamalizika kwa wastani wa saa 9.4, hata tukihesabu gharama ya kuhifadhi. Mzigo utakuwa asilimia 39 ya siku, na foleni itatulia.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ina sharti ambalo halikutajwa kwa sababu lilijulikana: kibaba kisimwagwe kila mkono unapotikisika.

Ombi linapotumwa tena

Iko hali ya tatu, nayo isichanganywe na hizo mbili. Mtu ametuma ombi katika mtandao, mwitikio umechelewa, naye hajui kama ombi limepotea au linangoja. Akalituma tena. Hapa kazi ya kwanza haikukatika kwa yakini. Pengine ingali katika foleni. Hili tuliite marudio.

Je, marudio hufaa? Jibu hutegemea sababu ya kuchelewa. Tuseme maombi 9 kati ya 10 huitikiwa kwa sekunde 1, na moja hukwama kwa sekunde 100 kwa kuwa limepita njia mbovu. Wastani wa muda wa mwitikio ni sekunde 10.9. Tukiweka kanuni kwamba ombi lisiloitikiwa katika sekunde 2 lifutwe na litumwe jingine, kwa bahati mpya, wastani utashuka hadi karibu sekunde 1.2. Faida ni kubwa. Lakini ikiwa kila ombi huchukua sekunde 3 kamili, kanuni hiyo hiyo itazuia kila ombi lisimalizike daima.

Liko na jambo la hatari zaidi. Ikiwa kuchelewa kunatokana na foleni yenyewe, kila marudio ni mteja mpya katika foleni ile ile. Mwezi wa Oktoba mwaka 1986 mtandao wa intaneti huko Marekani ulipatwa na mfululizo wa misongamano. Baina ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, mahali palipoachana kwa kiasi cha mita 360 tu, kasi ya kupitisha habari ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, aliyelichunguza jambo hilo na kulieleza mwaka 1988, alionyesha kwamba kompyuta zilikuwa zikituma kwa pupa, na zilizokosa mwitikio zikituma tena upesi mno, hata mtandao ukajaa nakala za habari zilizokwisha tumwa. Waya haukukatika. Uliziba kwa marudio.

Dawa yake ilikuwa ni kuzifundisha kompyuta subira: anayeona dalili ya msongamano apunguze anachokituma, na anayerudia mara ya pili angoje muda mrefu kuliko wa mara ya kwanza. Mtumishi yeyote aliyewahi kuona watu wakigonga dirisha la karani, na karani akizidi kuchelewa kwa sababu ya kuitikia wanaogonga, hatahitaji maelezo zaidi.

Istilahi zinazopendekezwa

Kabla ya kuorodhesha, yafaa tutaje shida moja. Kitenzi kuendelea kinatosha kwa kazi yenyewe: kazi huendelea. Lakini tunapotaka kumtaja mwendeshaji anayeifanya iendelee, sarufi hutupeleka kwenye kuendeleza, na neno hilo pamoja na maendeleo limekwisha chukuliwa na mambo ya kukuza na kustawisha. "Kuendeleza kazi" kutaeleweka kuwa ni kuiboresha. Kwa ajili hiyo twapendekeza kuunga. Uzi uliokatika huungwa palipokatikia, wala hausokotwi upya tangu mwanzo.

Foleni: wateja au kazi zinazongoja huduma kwa kanuni maalumu.

Kielelezo: sura ya kihesabu ya jambo halisi.

Kasi ya kuwasili: wastani wa idadi ya wateja wanaofika katika kipimo kimoja cha wakati.

Muda wa kungoja: tangu mteja afike hadi huduma yake ianze.

Muda wa huduma: tangu huduma ianze hadi imalizike.

Muda wa mwitikio: jumla ya muda wa kungoja na muda wa huduma.

Mzigo: sehemu ya muda ambayo mhudumu ana kazi.

Zamu: utaratibu wa kuzipa kazi vipande vya muda kwa kupokezana.

Kuanza upya: kurudi mwanzo kabisa wa kazi iliyokatika. Kwa mwendeshaji, kuanzisha upya.

Kuendelea: kuchukua kazi pale ilipokatikia. Kwa mwendeshaji, kuunga.

Alama ya kurejea: hali ya kazi iliyohifadhiwa, ambayo kazi itaungwa kutoka hapo.

Marudio: kutuma ombi jingine la haja ile ile kabla ya mwitikio wa ombi la kwanza.

Ama msemo kuanza tena, twashauri uepukwe katika maelekezo yote ya mitambo, mikataba na vitabu vya kiada vya fani hii. Si kwamba ni Kiswahili kibaya. Ni Kiswahili kizuri chenye maana mbili, na mahali hapa maana mbili ni hasara.

Hitimisho

Mwalimu wa hisabati anaweza kuyajaribu haya darasani bila ya kompyuta. Awape wanafunzi maharagwe 200 wayahesabu, awakatize kwa nasibu, kundi moja lianze upya kila likatizwapo na jingine lifunge mafungu ya kumi kumi. Hawatasahau tofauti hiyo. Mtumishi anayeletewa mkataba wa mtambo aulize maswali matatu: muda ulioahidiwa ni wa huduma au wa mwitikio, umepimwa mtambo ukiwa na mzigo gani, na kazi ikikatika, itaanza upya au itaungwa? Mfasiri naye ahakikishe kwamba maswali hayo yanaweza kujibiwa kutokana na maneno aliyoyaandika.

Istilahi nzuri haipimwi kwa ugeni wake wala kwa urefu wake. Hupimwa kwa jambo moja: kwamba mtu aliye mbali, usiku, peke yake mbele ya mtambo uliozimika, ataisoma na kutenda lile lililokusudiwa.